Upepo Uliopanda Mkuyu wa Mzee Masunga

Vijana wa klabu, mwezi uliopita mlinialika kilimani nione waya wenu mpya. Mlinipa shikamoo, nikaitika marahaba, mkanipa kiti cha plastiki na soda baridi, kisha mkasimama mkisubiri nisifu. Nilisifu, maana nimelelewa vizuri. Lakini macho yangu yalikuwa juu, kwenye huo waya mlioukaza mpaka ukawa kama uzi wa gitaa, na moyoni nilikuwa nahesabu siku. Wiki mbili hazikuisha, mmoja wenu akanipigia simu: "Bibi Nyangeta, waya umekatika."

Sikucheka. Sawa, nilicheka, ila simu nilikuwa nimeisogeza mbali na mdomo.

Mkaniomba niwaandikie jinsi sisi tulivyokuwa tunatunza waya mrefu kwenye kilima kilekile, nyuma ya Pasiansi, miaka ya tisini ilipoanza. Naandika, lakini mjue mimi si mwalimu. Nilikuwa fundi wa karakana kwenye chuo kimoja cha ufundi hapa Mwanza mjini, na waya wa klabu ulikuwa juu yangu kwa miaka kumi na miwili. Klabu yenyewe ilikuwa ya Mwalimu Magesa, Mjita mwenzangu, mwalimu wa fizikia. Ndiye aliyekuwa na leseni ya redio ya ridhaa, ule mchezo wa watu wanaozungumza hewani na wenzao wa nchi za mbali bila mshahara na bila kuuza chochote. Yeye alikuwa mdomo wa klabu. Mimi nilikuwa miguu.

Kilima mnakijua, ila kilima cha wakati ule hamkukijua. Leo mnapanda kwa njia ya pikipiki. Sisi tulipita katikati ya mawe makubwa kama nyumba, chini kuna korongo, na korongo limejaa vichaka, miiba na upupu. Somo la kwanza ni hilo: kabla hujatazama juu kutafuta mti, tazama chini kutafuta upupu. Mwalimu Magesa alilisahau siku moja akaegemea kichaka akipiga hesabu zake. Siku hiyo alizungumza na Mjerumani hewani akiwa amevua shati, anajikuna kwa rula ya ubaoni.

Waya wetu ulianzia kwenye banda la redio, ukapanda mkwaju uliokuwa kando ya banda, ukavuka korongo lote, ukaishia kwenye mkuyu mkubwa upande wa pili. Waya wa shaba, mrefu kuliko uwanja wa shule. Sasa sikieni neno ambalo hamkulijua mlipokaza wa kwenu. Mti hausimami. Ukiutazama unadhani umesimama, lakini upepo wa ziwa ukianza mchana, mkwaju unaenda huku, mkuyu unaenda kule, na waya uliofungwa pande zote mbili unavutwa na miti miwili yenye nguvu kuliko wewe. Ndiyo maana upande mmoja hatufungi. Upande mmoja tunapitisha kamba kwenye kapi, kigurudumu chenye mfereji, na kwenye ncha ya kamba tunaning'iniza uzito. Miti ikiachana, uzito unapanda. Ikikaribiana, uzito unashuka. Waya unapumua, haukatiki.

Na waya ulegee kidogo. Najua ukilegea unaonekana kama kamba ya kuanikia nguo, mnaona aibu. Oneni aibu, lakini ulegee. Usilegee sana, kwa sababu ya tumbili. Kuna Jumapili Mwitaliano mmoja alimwambia Mwalimu, "Sauti yako leo inacheza dansi." Nikatoka nje ya banda. Tumbili watano walikuwa wamekaa kwenye waya wanabembea, na mkubwa wao alikuwa ananitazama kama mtu aliyelipia tiketi.

Basi, huo mkuyu wa upande wa pili ulikuwa na mwenyewe. Ardhi ilikuwa ya serikali, lakini wafugaji wa nyuki wana sheria yao ya zamani: mti wenye mzinga wako ni wako, hata ukiwa umeota katikati ya barabara. Mizinga ilikuwa ya Mzee Masunga, Msukuma mwembamba mwenye kofia ya pama, anayezungumza polepole kama anachagua mchele. Mwalimu alipokwenda kuomba, Mzee alikubali mara moja kwa sharti moja. Akaninyooshea kidole.

"Huyu binti asipande mti wangu."

"Kwa nini, Baba?" nikauliza, na mnajua nikiuliza hivyo damu imeshachemka.

"Mwanamke hapandi mti wenye mzinga. Nyuki wanahama, mti unakauka. Sikuanza mimi, mwanangu. Baba yangu aliniambia, naye aliambiwa na baba yake."

Nilikasirika njia nzima mpaka Pasiansi. Nilikuwa nimepanda miti yote ya Majita tangu nikiwa na miaka sita, na kaka zangu ndio waliokuwa wanasubiri chini kuokota. Lakini mti ni wa mwenyewe. Nilikaa siku mbili nikifikiri, kisha nikaenda mwaloni, kwenye soko la samaki. Wakati huo biashara huria ilikuwa imeruhusiwa, viwanda vya minofu ya sangara vinanunua samaki usiku na mchana, na maduka ya wavuvi yamejaa mishipi ya nailoni ambayo zamani ulikuwa huioni hata kwa dawa. Nikachukua mshipi, nikachukua kipande cha risasi wanachofungia nyavu zizame, nikamwomba mpwa wangu manati yake. Nilirusha risasi ikaburuta mshipi juu ya tawi, mshipi ukavuta uzi wa katani, uzi ukavuta kamba ya manila, na kamba ikapandisha kapi mpaka juu. Mzee Masunga alisimama pembeni akitazama. Kapi lilipofika mahali pake alivua kofia.

"Huyu binti," akamwambia Mwalimu, "ana mkono mrefu."

Tangu siku hiyo tulikuwa marafiki. Mkipenda kujua kwa nini mnarusha kwa manati badala ya kupanda, sababu ni nyuki wa Mzee Masunga, si kitabu.

Sasa niwaambie kosa langu. Uzito wetu wa kwanza ulikuwa gurudumu la chuma lenye meno, kutoka kwenye mashine mbovu ya karakana. Ulifanya kazi vizuri mpaka wanunuzi wa chuma chakavu walipoingia mjini. Asubuhi moja nikakuta kamba imefunguliwa fundo taratibu, kwa adabu kabisa, na gurudumu limeondoka. Ilibidi nitafute uzito mwingine. Nami nilikuwa nimetoka kwenye mafunzo ya wiki sita Dar es Salaam, nikarudi na cheti na kitabu, na kichwa kikubwa kuliko vyote viwili. Kitabu kilitaja uzito kwa kilo. Nikaenda Nyakato kwa shemeji yangu aliyekuwa anafanya kazi kwenye ghala la pamba, nikaona kiroba cha mbegu za pamba kimeandikwa kilo zilezile za kwenye kitabu, kwa wino mweusi, kwa mashine. Nilifurahi kama nimeokota almasi. Nikakibeba mpaka kilimani, nikakining'iniza.

Kiroba kilikaa kiangazi chote bila tatizo. Ngojeni masika.

Mzee Masunga alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Shija, aliyepelekwa Urusi kusomea uhandisi wakati nchi ile ingali moja na kubwa. Kisha ile nchi ikagawanyika, na barua za Shija zikakoma. Mzee hakuwa analalamika. Alikuwa anakuja bandani jioni anakaa kwenye gogo, anasikiliza lugha zinazotoka kwenye redio, kisha anauliza lilelile: "Hiyo ni ya kwa Shija?" Mwalimu anajibu, "Hapana Mzee, hiyo ni ya Wajapani." Mzee anashukuru, anaondoka. Miaka mitatu ilipita hivyo. Mimi mara nyingine nilijifanya nina kazi nje ili nisimwone usoni akiuliza.

Mwezi wa nne wa mwaka ule Mwalimu akampata hewani Mrusi mmoja, mstaafu wa reli, anayekaa mji uleule wenye chuo cha Shija. Akamsimulia habari za Mzee. Yule Mrusi, Mungu ambariki popote alipo, alivaa viatu akaenda kuuliza chuoni. Siku nne baadaye akaleta jibu: kijana amepatikana, ni mzima, lakini chuo kimefunga bweni na Jumatatu anahama mji, hajui anaelekea wapi. Jumamosi saa kumi alasiri atafika nyumbani kwa huyo Mrusi, mbele ya redio yake. Ilikuwa nafasi moja tu. Mwalimu akaomba ruhusa serikalini ya kupitisha maongezi ya familia hewani, ruhusa ikatoka, na Mzee akaambiwa.

Aliuliza tu kama avae koti.

Mvua ilinyesha Jumatano, Alhamisi na Ijumaa. Jumamosi saa tano asubuhi likatoka jua, nikapanda kilimani kukagua. Waya ulikuwa umelala korongoni.

Nilikimbia mpaka kwenye mkuyu, na pale chini nikakuta kiroba changu kimeanguka. Kilikuwa kimevimba kama ng'ombe aliyekula majani mabichi. Mbegu zilikuwa zimekunywa mvua ya siku tatu, uzito ukazidi, waya ukakatika. Na si kuvimba tu. Manyunyu yalikuwa yameanza kudondoka tangu wiki iliyotangulia, na kwenye matundu ya kiroba vilikuwa vimetokeza vichipukizi vya pamba, majani mawili mawili, vinang'aa.

Mzee Masunga alifika nikiwa nimepiga magoti. Alikuwa amevaa koti. Akatazama kiroba kwa muda.

"Binti wa Majita," akasema, "umelima pamba juu ya mti?"

"Baba, nilihitaji uzito. Kitabu kilisema kilo..."

"Mwanza nzima hukuona jiwe?"

Vijana, nimesemwa na wakuu wa idara, nimesemwa na mama mkwe, lakini hakuna neno lililowahi kunishusha kama hilo. Tulikuwa tumesimama juu ya jiwe. Tulikuwa tumezungukwa na mawe. Mji mzima watu wanajenga nyumba juu ya mawe kwa kukosa pa kuyapeleka. Nami nilikuwa nimebeba mbegu kutoka Nyakato kwa sababu zimeandikwa kilo.

Kisha akauliza lile ambalo nilikuwa naliogopa. "Ile ya saa kumi bado itawezekana?"

Tulikuwa na muda wa saa tano tu. Kuunga waya si kazi, na hapo sikilizeni vizuri. Futa shaba mpaka ing'ae, sokota ncha mbili zikumbatiane, tia lehemu, funika na mpira. Nilimaliza kabla ya saa saba. Kazi ilikuwa juu ya mkuyu. Waya ulikatika karibu kabisa na kamba, kiroba kikaanguka na kuvuta kamba, na kile kishingo cha chupa tulichokitumia kama kizuizi cha umeme kati ya waya na kamba kikaruka mpaka juu kikajisokomeza kwenye kapi. Ukivuta kamba chini, kinakaza zaidi. Kamba huwezi kuisukuma. Leo ninawaambia: funga kamba ya pili, nyembamba, kwenye kizuizi hichohicho, iachwe ikining'inia mpaka chini, uweze kukirudisha. Tuliiita mkia. Siku ile hatukuwa na mkia, na ndiyo iliyotufundisha.

Nikachukua manati nipitishe mshipi mpya. Mara ya kwanza ilipita pembeni. Mara ya pili ilinasa kwenye majani. Mara ya tatu risasi iligonga tawi sentimita chache kutoka kwenye mzinga, na mzinga ukaanza kuvuma.

"Basi," akasema Mzee. "Ukiupiga huo, hapa hatabaki Mjita wala Msukuma."

Mwalimu Magesa alikuwa amefika akihema. Akavua viatu kwa ushujaa, akakumbatia mkuyu, akapanda kimo cha mbuzi, akateleza. Akajaribu tena, akateleza tena. Mwili wake ulikuwa wa heshima, haukuumbwa kwa miti. Mzee mwenyewe magoti yalikuwa yameshamkatalia miaka mingi, mizinga yake ilikuwa inahudumiwa na mpwa wake, na mpwa alikuwa Nansio, kisiwani, kwenye msiba. Ilikuwa saa nane na nusu.

Kama kuna jambo moja ninalojivunia katika maisha yangu ya kazi, ni kwamba dakika ile nilinyamaza, mimi ambaye kunyamaza sikuumbiwa. Nilikaa juu ya jiwe, nikaangalia mikono yangu. Nilitaka kulia kwa sababu kosa lilikuwa langu, na mzee wa watu amevaa koti kwenye jua.

Mzee alitembea mpaka kwenye mti wake. Akaushika. Akakaa hivyo kitambo, midomo inacheza, sijui alikuwa anazungumza na baba yake au na nyuki. Kisha akaja mpaka kwenye ukingo wa jiwe, akatupa mgongo, akatazama ziwa.

"Mwalimu," akasema, "njoo huku uangalie ziwa."

"Mzee, muda..."

"Njoo uangalie ziwa."

Mwalimu akaenda, wakasimama wawili, migongo kwangu. Kisha Mzee akasema kwa sauti ya mtu anayezungumza na hewa: "Upepo wa leo naona unataka kupanda mkuyu wangu. Upepo ukipanda mkuyu wangu hupanda upande wa machweo, si upande wa mlango wa mzinga. Unakwenda polepole. Na ukifika karibu na mzinga, haupumui kwa mdomo."

Nilikuwa nimevaa suruali ya mitumba chini ya sketi, maana fundi hajui siku wala saa. Nikavua sketi, nikavua viatu, nikapanda.

Mkuyu ulikuwa na unyevu. Nilipanda upande wa machweo. Nilipofika kwenye tawi la kwanza nikakanyaga tawi kavu, likalia.

"Nani huko juu?" akauliza Mzee bila kugeuka.

Nikafikiri haraka. "Upepo, Baba."

"Aa. Upepo ukanyage shinani, usikanyage katikati."

Nilifika. Mzinga ulikuwa kiasi cha mkono mmoja na nusu kutoka usoni kwangu, na ule mvumo niliusikia ndani ya meno. Nikapumua kwa pua. Nikakiondoa kizuizi kwenye kapi kwa vidole viwili, nikakifunga mshipi, nikakiachia kishuke. Nyuki watatu walikuja kunisalimia, mmoja kwenye sikio, wawili shingoni, na sikupiga kelele. Hilo nalo mliandike kwenye maajabu.

Niliposhuka nilikuta jiwe. Mzee alikuwa ameliokota mwenyewe na kulipima kwa mkono. Tulilifunga kwa kamba, tukavuta, waya ukapanda kutoka korongoni ukidondosha matone. Mita ya redio ya Mwalimu ilionyesha waya umekubali. Saa kumi kasoro dakika tano tulikuwa bandani, mimi sikio limekuwa kama andazi.

Mrusi aliita kwa wakati. Halafu ikaja sauti nyingine, nyembamba, inapanda na kushuka kama mtu yuko ng'ambo ya bonde.

"Baba? Ni mimi, Shija."

Mwalimu alikuwa amemfundisha Mzee wiki nzima: sema kwa kifupi, sema la muhimu, mawimbi hayasubiri. Mzee akashika kipaza sauti kwa mikono miwili, akakaa sawa, akatoa salamu ya mchana ya Kisukuma.

"Mwadila, mwanangu."

Kisha akamsalimia kama Msukuma anavyomsalimia mtoto wake. Alianza na ukoo. Akauliza usingizi, akauliza chakula, akauliza mvua ya huko, akauliza wenyeji wake na afya zao. Mwalimu alikuwa anatokwa jasho, anamwonyesha saa, anamwonyesha sindano ya mita inavyolala. Mzee hakumtazama. Na kila salamu aliyoitoa, kutoka huko Urusi ilirudi itikio lake, sawasawa, bila kuruka hata moja. Hapo ndipo nilipoelewa, machozi yakanitoka sikuyazuia. Mzee alikuwa anakagua waya wake. Alitaka kujua kama bado umeunganika, na ulikuwa umeunganika.

Mwishoni kabisa, sauti ikizama, Shija akauliza, "Baba, nyuki hawajambo?"

Mzee akacheka, mara ya kwanza nimsikie. "Hawajambo. Leo walitembelewa na upepo."

Kisha kukawa na ukimya wa mawimbi tu. Mzee akarudisha kipaza sauti kwa mikono miwili, akasema asante kwa redio, asante kwa Mwalimu. Mimi hakuniambia kitu. Wiki iliyofuata nilikuta mlangoni kwangu kibuyu cha asali, na jiwe. Jiwe lilikuwa limeviringishwa ngozi mbichi ya ng'ombe, akaikausha ikalibana, na juu ameacha kitanzi cha kupitishia kamba. Ndilo mlilolikuta kilimani mkaliweka kuzuia mlango wa banda usifunguke na upepo. Litoeni hapo leo hii mlirudishe kwenye kamba.

Nyuki hawakuhama. Mti haukukauka. Na tangu hapo, kila nilipofika na kamba begani, Mzee alikuwa anasimama bila kuombwa, anakwenda ukingoni kutazama ziwa.

Shija alirudi baada ya miaka miwili, mrefu, ana ndevu, anavaa koti kwenye jua kama baba yake. Wiki ileile alimfuata Mzee kilimani. Mimi nilikuwa juu ya mkuyu nabadilisha kapi, na sikuwasikia wanakuja.

"Baba!" akapiga kelele. "Kuna mwanamke kwenye mti wako!"

Mzee Masunga alikuwa ameshatupa mgongo.

"Huo ni upepo, mwanangu," akasema. "Ndio ulioleta sauti yako. Geuka."

Shija akageuka. Wakasimama wawili wakitazama ziwa, nami nikamaliza kazi yangu.